Kali, Kolea, Zimua: Historia ya Msamiati wa Mimumunyo na Uchachu katika Kiswahili, kwa Mifano kutoka Nambilanje

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya maneno ambayo Kiswahili hutumia kueleza dhana mbili za msingi katika kemia ya mimumunyo, yaani uasidi na ukolezi. Kwa kutumia mifano ya maisha ya Nambilanje, wilayani Ruangwa, pamoja na historia ya uundaji wa istilahi tangu 1967, inadaiwa kwamba kivumishi -kali kimebebeshwa dhana tatu ambazo kemia huzitenganisha. Inadaiwa pia kwamba utengano huo ulikuwa tayari umo katika vitenzi vya jikoni na shambani, ambavyo uundaji wa istilahi, kwa kuelemea nomino, haukuvipa nafasi viliyostahili.

1.0 Utangulizi

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Nambilanje ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Nachingwea kabla Ruangwa haijawa wilaya inayojitegemea, mama yangu alikuwa na chungu kikuukuu alichokitoboa matundu kitakoni. Alitandika nyasi ndani yake, akajaza majivu ya mabua ya mtama, akakiweka juu ya chombo kingine, kisha akamimina maji taratibu. Maji yaliyodondoka chini yalikuwa na rangi ya chai hafifu na yaliteleza vidoleni kama sabuni. Hayo ndiyo yaliyolainisha kisamvu. Kabla ya kuyatumia aliyaonja kwa ncha ya ulimi. Yakiwa hayajafika alipotaka, alisema hayajakolea, akayarudisha juu ya majivu yapite mara ya pili. Yakizidi, aliyaongezea maji na kusema ameyazimua.

Miaka michache baadaye, nikiwa kidato cha kwanza, nilifundishwa maneno mawili ya Kiingereza yenye maana hizo hizo. Niliyakariri kama mambo mapya kabisa. Hapana mtu aliyeniambia kwamba nilikuwa nayajua, na mimi mwenyewe sikutambua hadi nilipokuwa nimekwisha kuvuka umri wa miaka arobaini, nikiandaa mhadhara kuhusu vitenzi vya mabadiliko ya hali.

Makala hii imetokana na kuchelewa huko. Hoja yake ya msingi ni kwamba historia ya istilahi za mimumunyo katika Kiswahili si historia ya lugha iliyokosa maneno ikalazimika kuazima. Lugha ilikuwa na mfumo wake wa kueleza wingi wa kilichomumunyika na ukali wa kinywaji au kiungo. Mfumo huo, hata hivyo, ulikaa zaidi katika vitenzi, ilhali wanaistilahi wetu walikwenda kutafuta nomino. Matokeo yake yanaonekana hadi leo darasani, kwenye karakana na katika mashamba ya mikorosho, na baadhi yake si ya kitaaluma tu: yanaweza kumchoma mtu.

2.0 Ulimi kama kipimo cha kwanza

Kabla ya karatasi za litimasi, kipimo cha uasidi kilikuwa ulimi, na hilo ni kweli kwa lugha zote ambazo msamiati wake wa kemia umetufikia. Neno la Kilatini lililozaa asidi lina maana ya kitu kichachu, na lina udugu na maneno ya lugha hiyo yanayotaja sindano na makali. Kwa Kijerumani asidi huitwa kwa jina litokanalo moja kwa moja na sifa ya uchachu. Kiarabu nacho huitaja asidi kwa mzizi wa uchachu. Kigiriki kinavutia zaidi: kivumishi chake oxys humaanisha ukali wa kisu na ukali wa ladha kwa pamoja, sawasawa na -kali ya Kiswahili. Ndicho kivumishi alichokitumia Lavoisier, Mfaransa, katika karne ya 18 alipoibuni istilahi iliyokuja kuwa oksijeni, akiamini kwamba gesi hiyo ndiyo mzazi wa asidi zote. Mnamo 1810 Humphry Davy wa Uingereza alionyesha kwamba asidi itokanayo na chumvi, ambayo leo tunaiita asidi haidrokloriki, haina oksijeni hata chembe. Jina likabaki. Kwa hiyo kila tunapotamka oksijeni kwa Kiswahili, tunatamka pia, kwa vazi la Kigiriki, kosa la zamani kuhusu ukali.

Ninalitaja hili kwa sababu kuna mazoea miongoni mwa wanafunzi wetu wa uzamili kudhani kwamba istilahi za kimataifa ni safi na sahihi, na kwamba maneno yetu ndiyo yenye utata. Istilahi zote za kemia zina harufu ya jiko zilikotoka.

Upande wa pili wa uasidi una historia iliyo karibu zaidi nasi. Neno alkali limetokana na Kiarabu al-qali, yaani majivu ya mimea fulani ya maeneo ya chumvi, ambayo yaliloweshwa na maji yake kutumiwa kutengenezea sabuni na kioo. Majivu ya mimea, maji, chombo: ni kitendo kile kile cha chungu cha mama yangu, ingawa mmea ni mwingine na kinachopatikana kwa wingi katika majivu ya mtama ni chumvi za potasiamu. Alama ya potasiamu katika jedwali la elementi, K, inatokana na neno hilo hilo la majivu lilipovaa umbo la Kilatini. Tuliliazima neno alkali kupitia Kiingereza, likiwa limekwisha kupoteza kila alama ya majivu, tukalifundisha kwa watoto ambao asubuhi yake walikuwa wameyaona majivu hayo yakichujwa nyumbani.

Kwa upande wa ladha, Kiswahili ni tajiri kuliko vitabu vyetu vya sayansi vinavyokubali. Ugwadu ni ladha ya ukwaju na ya embe bichi. Uchachu ni ladha ya kilichokaa kikageuka: togwa, maziwa, mchuzi wa jana. Ukakasi ni ule mkwaruzo wa bibo au ndizi mbichi unaokausha kinywa, ambao kikemia hausababishwi na asidi bali na tanini. Mtu wa Nambilanje hachanganyi ukakasi wa bibo na uchachu wa uraka, ingawa vyote viwili vinatoka katika tunda moja la mkorosho. Hiyo ni tofauti halisi ya kikemia, imewekewa maneno mawili, na haikuhitaji kamati.

3.0 Asidi, tindikali na njia za istilahi

Historia ya kitaasisi inajulikana kwa wasomaji wa jarida hili, kwa hiyo nitaipita haraka. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930. Baada ya 1967, kwa Azimio la Arusha na falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, na mwaka huo huo sheria ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. BAKITA ilianza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970, na mwaka 1990 TUKI ikachapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Katikati ya hayo, mwaka 1982, Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985 na chuo kikuu kuanzia 1992. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Kwa hiyo kamusi ya 1990 ilizaliwa ikiwa na istilahi za masomo ambayo, kwa ngazi ya sekondari, yalikuwa yakiendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Ilikuwa kama kushona sare za shule ambayo haijajengwa.

Kanuni iliyokubaliwa na wanaistilahi wa Tanzania ilitaka istilahi itafutwe kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwishowe katika lugha za kigeni. Katika siasa kanuni hiyo ilitupa bunge na ikulu. Katika kemia mambo yalikwenda kinyume: asidi, besi, alkali, ioni, oksijeni na haidrojeni ziliingia moja kwa moja kutoka lugha za kigeni kwa sababu ya hoja ya umataifa. Siipingi hoja hiyo. Mtu anayesoma alama za kemia atanufaika akikuta majina yanayofanana na alama hizo. Ninachohoji ni kwamba ngazi ya kwanza ya kanuni, yaani kutafuta ndani ya Kiswahili, ilirukwa hata pale ambapo kulikuwa na kitu cha kupatikana.

Kando ya asidi limeishi neno tindikali. Kamusi ya Kiswahili Sanifu huyaweka yote mawili, na kwa muda mrefu yalichukuliwa kuwa visawe. Leo si visawe tena. Tindikali imekuwa jina la kitu kinachounguza, na baada ya mashambulizi ya mwaka 2012 na 2013, Zanzibar na Dar es Salaam, ambapo watu walimwagiwa tindikali na magazeti yakaandika habari hizo kwa wiki nyingi, neno hilo liliingia rasmi katika msamiati wa jinai. Hakuna anayesema leo kwamba limau lina tindikali bila kumshtua msikilizaji. Asidi nayo, kwa kuwa ni neno la shule, imebaki mahali pasipo na hisia: ipo kwenye betri, kwenye tumbo la mwenye vidonda na kwenye mtihani.

Hapa kuna jambo ambalo sijaliona likijadiliwa, na ambalo mwalimu yeyote wa sayansi wa shule ya msingi atalithibitisha. Sikio la Mswahili husikia kali mwishoni mwa tindikali. Husikia kali pia mwishoni mwa alkali. Silabi hizo hazina uhusiano wowote wa kiasili: alkali ni majivu ya Kiarabu, na -kali ni kivumishi cha Kibantu chenye ndugu katika lugha nyingi za jamii hiyo. Lakini mtoto hasomi etimolojia. Anakutana na maneno mawili yanayoishia kwa sauti moja, yenye maana zinazopingana kikemia, na sauti hiyo katika lugha yake ina maana ya ukali. Nimewahi kuwauliza walimu-wanafunzi wa mwaka wa kwanza, waliokwisha kufaulu kemia ya kidato cha nne, waniambie kwa Kiswahili ni kipi kikali kati ya asidi na alkali. Wengi walicheka kwanza. Kisha wachache wakajibu kwamba alkali ndiyo kali, kwa sababu jina lake linasema hivyo.

4.0 Mzigo wa -kali

Kivumishi -kali kinafanya kazi nyingi mno. Kisu ni kikali, jua ni kali, mbwa ni mkali, dawa ni kali, pilipili, limau, siki na pombe vyote ni vikali, na kwa vijana wetu wimbo mzuri nao ni mkali. Kwa mazungumzo ya kila siku hakuna hasara. Muktadha hufafanua. Katika kemia ya mimumunyo, hata hivyo, -kali hutumiwa kwa dhana tatu ambazo lazima zitenganishwe.

Dhana ya kwanza ni nguvu ya asidi kwa asili yake: ni kwa kiasi gani chembe zake hugawanyika kuwa ioni zinapoingia majini. Asidi haidrokloriki hugawanyika karibu yote. Asidi ya siki hugawanyika kidogo sana. Katika siki ya kawaida yenye takribani asilimia tano ya asidi hiyo, ni kama chembe tano tu katika kila elfu moja zilizogawanyika. Dhana ya pili ni ukolezi: wingi wa asidi katika lita ya mmumunyo, iwe imegawanyika au la. Dhana ya tatu ni matokeo ya hizo mbili, yaani wingi wa ioni za haidrojeni zilizopo kwa wakati huo, ambao ndio ulimi unaoutambua na ndio unaopimwa kwa kipimo cha pH kilichopendekezwa na Søren Sørensen katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen, mwaka 1909.

Tuchukue mfano. Tukiizimua asidi haidrokloriki mpaka ibaki elfu moja ya moli katika lita, pH yake ni 3. Siki ya dukani ina pH ya karibu 2.5. Kwa hiyo siki, ambayo vitabu vyetu huiita asidi dhaifu, inachoma ulimi kuliko mmumunyo ule wa asidi ambayo vitabu hivyo hivyo huiita asidi kali. Mwanafunzi akiambiwa kwa Kiswahili kwamba asidi kali si kali kama asidi dhaifu, ana haki ya kufunga daftari. Kosa si lake wala si la kemia. Neno moja limepewa nafasi mbili katika sentensi moja.

Mkorosho unatupa mfano wenye uchungu zaidi. Mafuta yaliyomo katika ganda la korosho huunguza ngozi, na wanawake wanaobangua korosho kwa mkono huko kusini wanavijua vidonda hivyo kwa miaka mingi. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi anakadi, iliyopewa jina la mkorosho wenyewe kwa Kilatini cha kitaalamu. Kwa kipimo cha kemia ni asidi dhaifu. Uunguzaji wake hautokani na wingi wa ioni za haidrojeni bali na namna molekuli zake na za dutu nyingine zilizomo zinavyoshambulia ngozi. Mbanguaji akiambiwa kwamba kinachomuunguza ni asidi dhaifu, ataona anadhihakiwa. Akiambiwa ni tindikali, ataamini, na itakuwa si kweli.

Pendekezo langu si la kubuni maneno mapya. Tuiache nguvu iwe ya dhana ya kwanza, tuseme asidi yenye nguvu na asidi nyonge. Tuuache ukolezi uwe wa dhana ya pili. Ukali tuurudishie mahali ulipokuwa tangu mwanzo, yaani kile ambacho ulimi unakihisi na pH inakipima. Tatizo dogo litabaki: pH hushuka ukali unapopanda, na kila hatua moja ni mara kumi. Lakini hilo ni tatizo la Sørensen, halikuletwa na Kiswahili.

5.0 Kukolea, kuzimua na hatari ya mpangilio

Kitenzi kolea kinastahili heshima kuliko kilivyopewa. Chumvi hukolea katika mchuzi, rangi hukolea katika kitambaa, mazungumzo hukolea, mapenzi hukolea. Katika matumizi yote hayo kuna wazo la kitu kilichoenea ndani ya kingine hadi kufikia kiwango. Kolea haimaanishi tu kuwapo. Inamaanisha kuwapo kwa kutosha. Nomino ukolezi, ambayo sasa inatumika kwa wingi wa kiyeyushwa katika ujazo wa mmumunyo, imetokana nacho kwa njia ya kawaida kabisa ya unyambuaji, na ninaiona kuwa mojawapo ya istilahi bora tulizonazo. Wachumaji wa chumvi wa pwani ya Lindi wanaifahamu bila kuisoma. Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi katika lita. Yakiachwa juani katika majaruba yanakolea hadi maji hayawezi kubeba zaidi, karibu gramu 360 za chumvi ya chakula kwa lita moja ya maji, ndipo fuwele zinaanza kushuka.

Kuhusu kitendo chenyewe cha kitu kupotea majini, tumegawanyika kati ya yeyuka na mumunyika. Yeyuka hutumika kwa samli iliyowekwa juani na kwa sukari iliyotiwa katika chai, ingawa ya kwanza inahitaji joto na ya pili inahitaji kitu cha pili. Mumunyika, kutokana na kumumunya, kuna kinywa, kuna mate, kuna vitu viwili. Ndiyo sababu katika makala hii nimechagua mmumunyo badala ya myeyusho. Wenzangu kadhaa hawakubaliani nami, na yote mawili yanaendelea kuchapishwa. Hata mimi, kama msomaji makini atakavyokuwa ameona, sikuweza kuepuka kiyeyushwa katika aya iliyotangulia.

Zimua ni neno la zamani. Lipo katika kamusi ya Johnson ya 1939 likiwa na maana ya kupunguza nguvu ya kitu, kama vile kupoza maji ya moto kwa kuyatia ya baridi. Katika mitaa ya leo mtu aliyelewa jana huenda asubuhi kutafuta supu ya kuzimua, na maana ni ile ile. Kwa mantiki ya istilahi, zimua ni chaguo zuri sana la kueleza kupunguza ukolezi.

Lakini zimua ina mwelekeo uliofichika. Jikoni anayezimua humimina maji ndani ya kile kikali. Chungu cha uji mzito kipo, maji yanaongezwa. Maji ya moto yapo kwenye ndoo, ya baridi yanaongezwa. Kikali hukaa, kipoozaji huja. Kwa asidi salfuriki iliyokolea, mwelekeo huo ni hatari kubwa. Asidi hiyo inapokutana na maji hutoa joto jingi mno. Maji machache yakimiminwa juu ya asidi huchemka papo hapo na kuirusha. Kanuni ya maabara zote duniani ni kumimina asidi ndani ya maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga.

Niliwahi kuona kanuni hiyo ikivunjwa. Ilikuwa mapema miaka ya 1990, katika karakana moja ya magari mjini Nachingwea. Kijana alipewa chupa ya asidi iliyokolea na kuambiwa aizimue kwa ajili ya betri. Alifanya kama alivyosikia. Aliiweka asidi kwenye beseni, akachukua jagi la maji akamimina. Alinusurika macho kwa sababu alikuwa ameinama upande, lakini shavu na mkono wake vilibaki na makovu. Fundi aliyempa maagizo alikuwa mtu mwangalifu na alilia siku ile. Alikuwa ametumia neno sahihi la Kiswahili. Nimefikiria mara nyingi kwamba kama angesema neno la Kiingereza ambalo kijana hakulijua, kijana angeuliza.

Hii haina maana kwamba tuache zimua. Ina maana kwamba mwanaistilahi anapochukua kitenzi kutoka jikoni, achukue pia utafiti wa namna kitenzi hicho kinavyopanga washiriki wake: nani hukaa, nani huja, nani humiminwa juu ya nani. Nadharia ya majukumu ya kisemantiki tunaifundisha kwa mifano ya Juma na Asha wakipeana vitabu. Ingekuwa na kazi ya maana zaidi katika kitabu cha mazoezi ya maabara. Huko, kwa maoni yangu, agizo lisiseme kamwe zimua asidi kwa maji. Liseme mimina asidi ndani ya maji, na zimua ibaki jina la matokeo.

6.0 Udongo uliochacha

Uzalishaji wa korosho nchini Tanzania ulifikia takribani tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, kisha ukaporomoka hadi chini ya tani 20,000 katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo bei na kuhamishiwa watu vijijini mbali na mashamba yao, lakini mojawapo ilikuwa ugonjwa wa ubwiriunga unaoshambulia maua na majani machanga. Dawa iliyoenea ni unga wa salfa, unaopulizwa juu ya miti msimu wa maua. Korosho zilirudi. Tafiti zilizofanyika kusini mwa Tanzania katika miaka ya 1990 zilionyesha pia kwamba salfa inayoanguka chini hushusha pH ya udongo, hasa katika udongo wa kichanga usio na uwezo mkubwa wa kupinga mabadiliko hayo.

Salfa yenyewe si asidi. Haimumunyiki majini. Unga wa njano unaweza kulala juu ya ardhi bila kumdhuru mtu. Ni vijidudu vya udongoni, bakteria, vinavyoila na kuigeuza polepole kuwa asidi salfuriki, msimu baada ya msimu. Udongo ukishuka chini ya pH 5.5, aluminiamu iliyokuwa imefungwa katika madini huanza kumumunyika na kudhuru mizizi ya mahindi na kunde zinazopandwa kati ya mikorosho.

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria mkutano wa wakulima Nambilanje, nilipokwenda kwa shughuli ya kifamilia. Mgeni mtaalamu wa kilimo alieleza kwamba udongo wa baadhi ya mashamba una asidi. Kukawa kimya. Mzee mmoja akauliza ni nani aliyeimwaga. Watu hawakucheka, maana swali lilikuwa la haki: asidi, kwa neno walilolijua, ni kitu kinachowekwa na mtu mahali, kwa makusudi, mara nyingi kwa ubaya. Mtaalamu alijaribu kusema kwamba haikumwagwa bali imetokea. Hilo nalo halikueleweka. Ndipo bibi mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango akasema, kama anayemsaidia mgeni aliyepotea njia:

"Mwanangu, sema shamba limechacha."

Neno lile liliubadilisha mkutano. Kuchacha hakuhitaji mtu wa kumwaga. Uraka ukikaa unachacha, na hakuna aliyetia kitu. Kuchacha kunahitaji muda, na kunafanywa na vitu hai visivyoonekana, jambo ambalo kila anayeloweka kochoko au kupika togwa analijua kwa uzoefu hata kama hajui jina la bakteria. Kwa maneno mengine, chacha inabeba ndani yake utaratibu ule ule unaotokea kwa salfa chini ya mkorosho: kitu kisicho kichachu, vijidudu, siku, uchachu. Nomino asidi haibebi hata kimoja. Hata maana ya mitaani, ambapo mtu aliyechacha ni aliyeishiwa fedha, ilifaa, na kijana mmoja hakuiacha ipite bila kuitolea mzaha.

Swali lililofuata lilikuwa la mzee yule yule, na lilinirudisha kwenye sehemu ya tano ya makala hii kabla sijaiandika. Alitaka kujua kama uchachu huo unaweza kuzimuliwa kwa mvua. Mtaalamu alisema hapana. Maji hupunguza ukolezi wa kilichomo, lakini hayaondoi asidi. Mvua nyingi huzidi kuosha chokaa na magnesi zilizomo na kuuacha udongo mchachu zaidi. Kinachotakiwa ni kitu cha upande wa pili kitakachoitangua asidi. Alitaja mawe ya chokaa yaliyosagwa, na akatoa hesabu ambayo ni sahihi: asidi inayotokana na kilo moja ya salfa inahitaji kiasi cha kilo tatu za chokaa hiyo. Kisha, kwa kuwa chokaa iko mbali na gharama ya kuisafirisha ni kubwa, aliongeza kwamba hata majivu ya kuni, kwa kiasi kikubwa zaidi, husaidia.

Bibi yule akageuka kwa jirani yake.

"Kumbe ni majivu," alisema. "Si angesema tangu mwanzo."